Kujiona Mlaghai: Shaka ya Mtu au Kasoro ya Kipimo?

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu wanawake zaidi ya 150 ambao, pamoja na shahada na sifa zao, waliamini kuwa wamefika walipofika kwa bahati tu, na kwamba ipo siku wangeumbuliwa. Tangu hapo hali ya kujiona mlaghai imezoeleka kuelezwa kama udhaifu wa mhusika, na dawa yake ikawa kumhimiza ajiamini. Maelezo hayo hayatoshi. Mtu hujipima kwa ishara anazopewa na taasisi yake. Ishara zikipotoka, hata mwenye akili timamu atajihukumu vibaya.

Tuchukue Tanzania. Kwa miongo mingi mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia na historia zinafundishwa kwa Kiingereza. Ripoti ya watafiti Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilibaini kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo hayo. Mwalimu anauliza mmea unajitengenezeaje chakula. Mwanafunzi jibu analo, lakini bado anatafuta kitenzi, anaogopa kuchekwa, na mkono haunyooki. Mwalimu anauchukulia ukimya huo kuwa ni kutojua. Na hatari kubwa zaidi, naamini, ni kwamba mwanafunzi mwenyewe anajifunza kuuchukulia hivyo hivyo. Akifika chuo kikuu na alama nzuri, si ajabu akiziona kuwa za kubahatisha, kwa kuwa kipimo alichokizoea kilimwambia kinyume kwa miaka.

Itasemwa kwamba hata waliosoma kwa lugha ya mama hujiona walaghai. Ni kweli. Mapitio ya tafiti 62 yaliyotolewa mwaka 2020 yalikuta kiwango cha walioathirika kikianzia asilimia 9 hadi 82, ingawa sehemu ya tofauti hiyo inatokana na madodoso na viwango vilivyotumika. Sidai kwamba lugha ndiyo chanzo pekee. Ninachodai ni kwamba kila palipo na shaka hii tuanze kuuliza mhusika amepimwa kwa kipimo gani, kabla ya kuuliza ana kasoro gani.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanasaikolojia Walton na Cohen. Mwaka 2011 walionyesha kuwa zoezi la takriban saa moja, lililowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba hofu ya kutostahili huwapata wengi na hupita, lilipandisha alama za wanafunzi Weusi katika chuo kimoja cha Marekani kwa miaka mitatu. Je, si ushahidi kwamba inatosha kutibu fikra? Utafiti wa mwaka 2023 katika vyuo 22, ambao Walton pia alishiriki, unajibu: zoezi la aina hiyo lilisaidia pale tu ambapo chuo kiliwapa wanafunzi wa kundi husika nafasi halisi ya kujiona wenyeji. Faraja inafanya kazi inapokuwa ya kweli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya wanaopima. Msimamizi wa tasnifu atenganishe maoni yake kuhusu hoja na masahihisho ya sarufi, na kila upande auandikie ukurasa wake. Semina imruhusu mtafiti kutetea wazo lake kwanza kwa Kiswahili, ndipo aliandike kwa Kiingereza. Na anayepewa nafasi aambiwe waziwazi, kwa maandishi, ni kazi yake ipi iliyomstahilisha.