Moto wa Namugongo, Bunduki za Mengo

Kusini ya mji wetu wa Mwanza, kando ya ziwa, ipo Bukumbi. Mwanga, Kabaka wa Buganda, alifika huko akiwa mkimbizi baada ya kupinduliwa Septemba 1888. Alivuka ziwa kwa mitumbwi hadi Magu, kisha mapadre Wakatoliki wa Bukumbi wakampa hifadhi. Ndiye aliyewaua vijana Wakristo pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Moto ule haukuwabagua.

Hata hivyo Wakristo wa Buganda waliungana kumrudisha kitini. Shida ilianza kwenye kugawana. Vyeo viligawanywa kati ya makundi mawili, yakaitwa Wafaransa na Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda, watu wa koo zilezile. Kwetu sisi hilo ni zito kuliko vita vyenyewe: walijipachika majina ya wageni kabla wageni hawajaitawala nchi. Chifu akibadili dhehebu, kilichogombaniwa si roho yake bali cheo na mashamba yake.

Desemba 1890 akafika Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza, na kabla mwezi haujaisha Mwanga akatia sahihi mkataba. Tarehe 24 Januari 1892 ugomvi wa bunduki moja, uliomuua mtu mmoja, ukazaa vita pale Mengo. Lugard aliwapa Waprotestanti silaha, na bunduki zake za rashasha zikawasaidia. Kanisa la Rubaga likateketea. Mwaka 1894 Uingereza ikaitangaza nchi kuwa chini ya himaya yake.

Tunaweza kusema hayo ni ya Wakatoliki na Waanglikana. Sisi Walutheri hatukuwepo. Ni kweli. Lakini tunapochagua wazee wa kanisa na kuhesabu kwanza Wasukuma wangapi, Wahaya wangapi, Wajita wangapi, hesabu hiyo tumeirithi wapi?

Mwanga aliasi mwaka 1897, akashindwa, akakimbilia tena upande wetu. Safari hii Wajerumani wakamweka kizuizini hapahapa Mwanza. Alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Kiti chake alipewa mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, pamoja na waangalizi watatu: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Wawili kwa mmoja.