Uchukuano, si Uoanifu

Orodha za istilahi zinazotungwa mezani bila kupita majini zimetuletea neno "uoanifu", na siku hizi linabandikwa kila mahali ambapo kitu kinafaa kukaa na kingine. Kwenye kompyuta tulivumilie: programu isipooana na kifaa, hakuna anayezaa wala anayejeruhiwa. Likipelekwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, linapotosha. Kuoana, kwa Mswahili ambaye hajawahi kulipwa posho ya kikao, ni ndoa. Sasa Ziwa Tanganyika lina samaki wadogo wa jenasi ya Neolamprologus, jamaa za perege na sato. Dume na jike wakishapata pango la kutagia, huwatimua majirani. Na katika tangi dogo, pasipo na pa kukimbilia, anayetimuliwa huishia kufa. Yaani pale samaki wanapooana hasa ndipo wasipokalika nao. Neno lililokusudiwa kutaja amani limetaja chanzo cha vita, na bado tunaambiwa limepitishwa.

Waliotaka kulirekebisha wametoa mengine mawili, na yote mawili yanazama. "Ulinganifu" linatokana na kulingana, kuwa sawa, ilhali tangini usawa ndio ugomvi wenyewe. Dume la mbuna wa Ziwa Nyasa humwandama zaidi dume mwenye rangi kama yake, kwa kuwa huyo ndiye mshindani wake. (Mbuna, tukumbushane, ni neno la Kitonga cha Malawi, na wafugaji wa Ujerumani na Marekani wamelipokea lilivyo.) "Upatanifu" lina heshima kidogo, ila wanasarufi wanalihitaji kwa viambishi vyao, na kupatana hudai kwanza ugomvi, au bei. Tetra neoni wa Amazon hana ugomvi wowote na Tropheus wa Tanganyika. Mmoja katoka kwenye maji laini yenye asidi, mwingine kwenye maji magumu ambayo pH yake hukaribia 9. Mtawapatanisha kwa lipi?

Neno tunalo, na hatukuwa na haja ya kulitafuta kwenye vikao vya kamati hotelini. Kitenzi chukua hakiishii kwenye kubeba. Debe huchukua lita 20, na huo ni ujazo. Mtu humchukulia mwenzake, na huo ni uvumilivu. Rangi ya ushungi huchukuana na ya gauni, na hapo ndipo tulipo: vitu viwili tofauti, kila kimoja na asili yake, vinakaa pamoja na havichushi. Kuchukuana hakudai usawa, hakudai ndoa, wala hakudai suluhu. Tena mnyambuliko wake unatenganisha mambo ambayo wafugaji huyatenganisha kwa vitendo. Samaki kuli wa Asia ya Kusini-Mashariki na tetra wanachukuana, kwa maana maji yao ni ya aina moja na hakuna anayemtamani mwenzake kwa chakula. Mbuna hawachukuani; wanachukuliana tu, ndiyo maana wafugaji wazoefu huwajaza wengi tangini ili hasira ya dume mbabe isimwangukie mnyonge mmoja. Na tangi lenyewe huchukua kiasi chake, basi. Mzizi mmoja umebeba ujazo, ustahimilivu na kufaana. Kutokana nao, kwa kanuni ile ile iliyotupa uhusiano na ushirikiano, tunapata "uchukuano". Kamati ingehitaji vikao vingapi kufika hapa?

Kuna watakaosema kwamba vijana wakitamka "wamechukuana" hawazungumzii ushungi, hivyo nimekimbia ndoa nikaangukia uchumba. Hoja hiyo ina uzito, lakini si mkubwa. Maana ya mtaani inamhitaji mtu awe mtenda. Maana ya kufaana imezoea vitu na hali, na muktadha wa maji, chakula na ukubwa hauachi shaka. Kuoana hakuna mlango wa pili wa namna hiyo: kwa viumbe hai, maana ya ndoa ndiyo ya kwanza. Wengine watadai kwamba uchukuano utachanganywa na uchukuzi. Hao nawauliza kama wamewahi kuchanganya muungano na uungaji. "Utangamano" silichukii, lakini limeshakuwa mali ya majukwaa ya kisiasa, na samaki hawatii saini mikataba.

Kuhusu matumizi, ni machache: kabla ya kununua, ulizia maji, joto, chakula, ukubwa wa samaki akikomaa na upana wa mdomo wake, kwani atoshaye mdomoni ataliwa. Wauzaji wa samaki wa mapambo, ninyi msiosubiri orodha ya mtu, andikeni kwenye kioo cha kila tangi kwa herufi kubwa: HAWA WANACHUKUANA, au HAWA HAWACHUKUANI. Mnunuzi ataelewa bila kamusi.