Saa ya Babu na Hesabu ya Vito Vyake

Ndugu zangu wa ukoo, hatukutani ila huzuka swali la saa ya mfukoni ya Babu. Tumesimuliwa tangu utotoni kwamba ni saa halisi ya reli, yenye vito 17, na kwamba thamani yake yatosha kununulia shamba. Kwa maneno hayo nyumba mbili za ukoo huu zilinuniana miaka mingi, na ami zangu wawili wamefariki bila ya kupatana. Mimi ndimi niliyekabidhiwa saa hiyo nilipohamia Minneapolis. Leo nataka kuieleza kweli yake.

Kwanza tufahamu kito cha saa ni kitu gani. Ndani ya saa, ncha za chuma za magurudumu huzunguka katika matundu. Tundu la shaba husagika. La yakuti halisagiki upesi. Mwaka 1704, mjini London, Nicolas Fatio de Duillier na wenzake walipata hataza ya kutumia mawe yaliyotobolewa. Mwaka 1902 Auguste Verneuil, Mfaransa, alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa moto, na mawe hayo yakawa rahisi. Kwa hiyo kito cha saa si pambo la kupelekwa kwa sonara; ni kinga ya mtambo.

Hesabu yake ina mpango. Vito 7 hulinda gurudumu liendalo huku na huku pamoja na wenzo wake. Saa ya vito 15 huongeza 8: vinne upande wa juu, na vinne upande wa chini, chini ya uso wa saa. Ya 17 huongeza viwili kwa gurudumu la katikati.

Nchi hii ninayoishi ina historia kubwa ya saa hizo. Richard Sears, aliyekuwa wakala wa stesheni ya North Redwood, Minnesota, alianza kuwauzia saa mawakala wenziwe, na mwaka 1886 akafungua kampuni yake ya saa hapa Minneapolis. Mwezi Aprili 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na lawama ikaiangukia saa ya dereva iliyosimama dakika chache. Baadaye kampuni nyingi za reli zikadai saa yenye vito visivyopungua 17, isiyokosea zaidi ya nusu dakika kwa juma. Great Northern na Northern Pacific zilikuwa na makao yao makuu Saint Paul. Ndiyo sababu saa za namna hiyo huonekana hapa katika minada ya vyombo vya marehemu. Nami nilianza kuzikusanya, nikitafuta iliyo dada wa saa ya Babu.

Hatimaye nilimpelekea fundi saa mmoja wa Saint Paul. Aliufungua mfuniko wa nyuma, akatabasamu. Kisha akaung'oa uso wa saa, akaniita nitazame. Juu kulikuwa na vito vyekundu vya kupendeza. Chini, mahali pa vile vinne, palikuwa na shaba tupu. Saa ya Babu ina vito 11. Viwanda vya Marekani vilitengeneza saa kama hizo, vikaweka mawe ya ziada pale tu mnunuzi aonapo akiifungua. Haikuwa saa ya kupita mtihani wa reli, wala haiwezi kununua shamba.

Niliona aibu, maana nami nilikuwa nimeringa nayo. Lakini fundi alinionyesha mambo mawili. Matundu ya shaba yaliyolika yametiwa shaba mpya, kwa mkono wa stadi. Na ndani ya mfuniko zimekwaruzwa alama sita ndogo, ambazo mafundi huziacha kila wanapoitengeneza saa. Babu, aliyetia viraka kanzu yake mpaka ikakosa pa kushonea, alimlipa fundi mara sita ili saa hii isisimame.

Naomba mkutano uamue isiuzwe. Ikae kwa zamu, mkutano hata mkutano, na zamu ya kwanza wapewe watoto wa ami zangu wawili kwa pamoja. Mwenye zamu aitie ufunguo kila asubuhi, na ikihitaji mafuta, ampelekee fundi, alama ya saba iongezwe.