Uvira, Mji Kati ya Mlima na Ziwa

Uvira imebanana kwa sababu ya mahali pake: milima ya Mitumba huku, ziwa Tanganika kule. Katika kartye za Mulongwe, Kasenga na Kimanga, mtoto akilia usiku, jirani anaamka. Maaskofu wa Kongo walipochagua jumuiya hai za wakristu mwaka 1961, majirani hapa walikuwa wamekwisha kusikilizana kupitia ukutani. Mwaka 1962 jimbo likazaliwa, chini ya Askofu Danilo Catarzi.

Lakini kubanana kuna hatari. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, na nyumba zikaanguka kwa maelfu. Wengi walijenga tena pale pale. Wangekwenda wapi? Mwaka 2024 ziwa nalo likapanda.