Kupogolea Mchikichi, Mti Usio na Matawi

Kamusi hueleza kupogoa kuwa ni kukata matawi ya mti. Maofisa ugani wameichukua kauli ya kutendea, kupogolea, wakaifanya istilahi ya shambani: mkahawa hupogolewa, mwembe hupogolewa, mzabibu wa Dodoma hupogolewa. Huko kote mkulima hukata hapa ili mti uchipue pale. Neno hilohilo likifika kwenye michikichi ya Kigoma linahitaji maelezo, kwa sababu mchikichi hauna tawi hata moja.

Una kilele kimoja tu cha kukulia, kilichofichwa katikati ya makuti. Kikifa hicho, mti umekufa. Kuti lililokatwa halirudi. Juu hutoka mapya mawili hivi kila mwezi, ukate usikate. Kupogolea mchikichi, basi, ni kuondoa makuti yaliyozeeka au kukauka chini ya mikungu, wala si kuupa mti umbo.

Ugumu uko kwenye kiasi. Kila kuti hubeba kwapani mwake chipukizi la ua, dume au jike, na jike ndilo linalokuja kuwa mkungu. Mti uliovuliwa makuti mengi hupungukiwa chakula, ukaanza kutoa maua dume kwa wingi. Jinsia hiyo huamuliwa takribani miaka miwili kabla ya mkungu kuiva. Aliyekata kwa pupa leo atavuna msimu huu kama kawaida, atajisifu kwamba shamba lake ni safi, na mikungu itakapopungua atailaumu mvua. Mashamba makubwa huuachia mti mzima makuti 32 hadi 40, na mti mchanga zaidi ya hapo. Asiyetaka kuhesabu abakize safu mbili za makuti chini ya mkungu unaoiva. Mti ukishakua sana, safu moja yatosha. Panga lipite karibu na shina, maana kikonyo kirefu kikibaki hunasa chikichi zinazopukutika.

Hapa ndipo kupogolea kunapokutana na udhibiti wa magonjwa, ingawa miongozo mingi huyaweka mambo haya mawili katika sura mbalimbali. Chukua mnyauko fusari, ugonjwa ulioelezwa Kongo mwaka 1946. Kuvu wake hukaa udongoni, huingia kwa mizizi na kuziba mishipa inayopandisha maji. Makuti ya chini hukauka, huvunjika, yakaning'inia kulizunguka shina. Ndiyo hayohayo mpogoleaji anayotumwa kuyakata! Akiyaondoa bila kuangalia, amefuta dalili, na mti mgonjwa utaonekana mzima kwa muda. Kuti la uzee hukauka mojamoja, chini kabisa. Yakikauka mengi kwa pamoja, au makuti mapya yakitoka mafupi, hilo si la panga tena. Tiba ya kuuponya mti hakuna. Kinga kubwa ni miche ya mbegu stahimilivu.

Malaysia na Indonesia wana adui mwingine, kuvu ganoderma, aozeshaye kitako cha shina. Makuti machanga hukaa yamefumba kama mikuki, ya chini huinama, na uyoga mgumu ukichomoza shinani sehemu kubwa ya ndani huwa imekwisha kuoza. Kupogolea mti wa namna hiyo ni kupoteza nguvu kazi. Ung'olewe pamoja na kisiki.

Jeraha lenyewe nalo lina gharama. Harufu ya kuti bichi lililokatwa huwavuta fukusi wakubwa wa minazi na michikichi, ambao katika Amerika ya Kusini hubeba minyoo wasioonekana kwa macho, waletao ugonjwa wa pete nyekundu. Ndiyo maana napendelea mpogoleaji apewe rangi pamoja na panga: mti anaoutilia shaka autie alama na kuuacha mpaka ofisa ugani auone. Makuti ya miti mizima apange kati ya mistari yaoze, kwani yana potasiamu nyingi, na mchikichi huihitaji kuliko karibu kirutubisho kingine chochote.