Sauti ya Mgonjwa katika Historia ya Hospitali Zetu

Wahenga walinena: adhabu ya kaburi aijua maiti. Kadhalika, anayeujua barabara ubaguzi wa hospitalini ni mgonjwa aliyetendewa. Lakini tukifungua taarifa za kale za hospitali zetu, mgonjwa huyo twamwona kwa hesabu tu: wangapi walilazwa, wangapi walikufa.

Na tuutazame mji wa Dar es Salaam. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilikamilisha hospitali ya Ocean Road, ufukoni penye upepo mwanana, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo. Waingereza waliposhika utawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliiendeleza desturi hiyo. Mji nao waliugawa sehemu tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Na baina ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa afya: ati nafasi hiyo iwakinge wengine na maradhi ya Waafrika. Hivyo Mwafrika alihesabiwa kuwa chanzo cha ugonjwa kabla ya kuhesabiwa kuwa mgonjwa.

Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya kwa jina la Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Baada ya Uhuru wa 1961 ubaguzi wa rangi uliondolewa hospitalini, na Ocean Road, ambayo sasa ni taasisi ya saratani, hupokea wananchi wote. Hayo yameandikwa. Yaliyoandikwa kwa uchache mno ni maneno ya mpishi aliyeshinda akitumika Uzunguni lakini akiugua hutibiwa kwingine, na ya mama aliyengoja zamu yake na mtoto mgongoni.

Waliokuwa watu wazima siku hizo sasa wamepita umri wa miaka 80, nao wanatutoka mmoja mmoja. Twawasihi walimu wawatume wanafunzi kwa wazee hao, wawaulize kwa adabu: Ulitibiwa wapi? Ulingoja muda gani? Uliitwaje? Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, pamoja na mwaka na mahali, na jina la msemaji litajwe kwa idhini yake tu. Kisha yalinganishwe na maneno ya wengine na taarifa za serikali, kwa kuwa kumbukumbu huteleza.

Wala tusidhani ubaguzi uliondoka na wakoloni. Maskini, mwenye ukoma, anayeishi na virusi vya UKIMWI, au mama mjamzito anayefokewa, huweza kudharauliwa na ndugu zake mwenyewe. Naye pia aulizwe, na jibu lake liandikwe angali hai.