Dhuluma kwa watoto: adhabu kali tunazo, nani atasema?

UZI. Mjadala wa kisiasa ukifika kwa usalama wa watoto, lazima mtu aseme "tuongeze adhabu". Sawa, lakini tuangalie historia kwanza.

1/ Hapa Shauri Moyo, mara nyingi wa kwanza kuona ni mwalimu wa darasa. Mtoto aliyekuwa mchangamfu amenyamaza. Ana alama mkononi. Kengele ya jioni ikilia, hataki kwenda nyumbani.

2/ 2001: viboko vikapigwa marufuku shuleni. 2006: Sheria ya Makosa ya Ngono. Ukimnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini, ni kifungo cha maisha. Utaongeza nini hapo?

3/ 2010: TSC ikatoa waraka. Mwalimu akijua au kushuku mwanafunzi amedhulumiwa kingono, aripoti ndani ya saa 24. Akificha, anachukuliwa hatua za nidhamu.

4/ 2015: kwa kesi iliyotoka Nakuru, Mahakama Kuu ikasema mwalimu akidhulumu wanafunzi, TSC na serikali pia wanawajibika.

5/ Kwa hivyo sheria ziko. Shida ni kesi kumalizwa "kinyumbani", na mwalimu aliyeripoti kubaki akikutana na mshukiwa kila siku pale mtaani.

6/ Mgombea akikuahidi adhabu kali, muulize: nani atamlinda aliyesema?

Na ukishuku kitu leo, piga 116. Ni bure.